Ng'ombe wa Nyamizi na Vibati Kumi na Vinne

Mpendwa Mama Melania, shikamoo. Nausoma ukurasa wako tangu ulipoanza, na leo zamu yangu ya kuomba msaada imefika, ila nakwambia mapema tusipotezeane muda: ushauri wa kupiga magoti siupokei.

Mimi ni mke wa mtu hapa Ngokolo, Shinyanga, nina miaka thelathini na mitatu, na ukweni kwangu kuna desturi ya biskuti za Idi ambayo mama mkwe wangu, Bi Zamoyoni, alitoka nayo kwao Ujiji, kwamba kila mjukuu anatengenezewa kibati chake cha kukatia biskuti na fundi bati kwa kopo la maziwa, huyu mwezi, huyu nyota, huyu samaki, huyu birika, na vibati hivyo vinatundikwa ukutani jikoni kwa bibi, kila kimoja na msumari wake, na siku moja kabla ya Idi tunakutana pale kukanda unga kwa samli, tunakata, tunaoka kwenye sufuria la mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, halafu watoto wenyewe wanapamba kwa sukari tuliyoitwanga na kuichekecha kwa kitambaa, nyeupe kwa ndimu, ya njano kwa manjano, nyekundu kwa maji ya maua ya choya. Asubuhi ya Idi bibi anakaa na sinia, anaita jina, anatoa biskuti. Usipoitwa wewe si mjukuu, hivyo tu.

Sasa kuna Nyamizi, mtoto wa marehemu shemeji yangu Majaliwa, kaka mkubwa wa mume wangu Fikirini, aliyemzaa bila ndoa na Mbuke, binti wa Kisukuma wa Bugarama, kisha Majaliwa akafukiwa na shimo la dhahabu huko machimboni, na Mbuke akatuletea mtoto akiwa na miaka minne, leo ana tisa, mimi ndiye ninayemsuka nywele. Miaka mitano yote anakata na kupamba biskuti za wenzake na jina lake haliitwi, kwa sababu Bi Zamoyoni anasema mtoto wa nje hana msumari kwake. Na mwaka huu wa 1985 sukari ni ya foleni, kila mtu anajua, na aliyepanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri mpaka adhuhuri na saumu yake ya kitoto ni nani? Ni Nyamizi! Na samli ya biskuti hizo inatoka kwa nani, kama si kwa hao hao Wasukuma?

Basi nikaenda kwa fundi bati, nikamuuliza mtoto anataka nini, akasema ng'ombe mwenye pembe, fundi akatukatia kibati chake, nacho kiko kwangu. Tukamkata, tukamwoka, akampaka madoa mwenyewe ulimi ukiwa nje, nami nikamweka kwenye sinia katikati ya wenzake. Asubuhi, mbele ya wageni, Bi Zamoyoni akaita wajukuu wote kumi na wanne, akafika kwa ng'ombe, akamwinua kwa vidole viwili. "Huyu kaingiaje zizi lisilo lake?" Akamvunja, akawatupia kuku. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale, akabaki kuitazama kofia yake mkononi. Nyamizi akaninong'oneza, "Mama mdogo, ng'ombe wangu aliungua?" Nikamwambia ndiyo, aliungua.

Mama Melania, nilipandwa na mori. Nikaingia jikoni, nikatungua vibati vyote kumi na vinne, nikavifunga kwenye kanga, nikaondoka navyo, na viko chini ya kitanda changu mpaka leo. Idi ya kuchinja hiyo inakuja, wifi yangu Chausiku katumwa mara tatu: nirudishe, nipige magoti mbele ya ukoo, ama sivyo nisikanyage pale. Fikirini ananiambia, "Yamalize, mke wangu, yule ni mama." Nami nasema bora Idi ipite bila biskuti hata moja. Je, nimekosea? Na kama nimekosea, nimekosea wapi? Jina langu lichapisheni, sijifichi.

Mwaisha, Ngokolo.

MAMA MELANIA ANAJIBU

Mwaisha, marahaba. Magoti yako kaa nayo, sikuyataka. Mimi ni Mkatoliki wa Geita, Idi yenu naila kwa majirani tu, lakini mtoto aliyerukwa jina lake namjua nikimwona. Kumweka yule ng'ombe kwenye sinia ulifanya sawasawa. Mtu akikuletea habari za ndoa na uzawa, mwambie hayo akamuulize sheikh. Biskuti si mirathi. Mama mkwe wako alimkosea yatima mbele ya watu, na mvi hazimfutii kosa.

Umeuliza umekosea wapi. Umekosea mara mbili, tena vibaya. Mwenye mwezi, mwenye samaki, mwenye birika, hao walimvunja ng'ombe? Wewe umewatungua wote kwa mkupuo mmoja, halafu unamlaumu bibi aliyemkataa mmoja! Sasa Nyamizi ndiye atakayeitwa mtoto aliyewakosesha wenzake Idi. Hilo hukuliwaza, mayu, mama yangu.

La pili ni uwongo wako. Eti aliungua! Mtoto alimwona akitoka mchangani mzima, akampaka madoa kwa mkono wake. Alijua. Alikuuliza asikie utasema nini, nawe ukamwambia kosa ni la ng'ombe wake. Mwite leo hii, umwambie hakuungua, alivunjwa, aliyemvunja amekosea, na wewe uliogopa kusema.

Bwana Fikirini, nawe najua unasoma, waume mnausoma ukurasa huu kwa siri. Yule ni mama, kweli, na huyu ni damu ya kaka yako aliye chini ya udongo. Kofia umeitazama vya kutosha. Nyundo utaibeba wewe.

Sasa sikia, Mwaisha. Usimngoje Chausiku aje mara ya nne. Siku ya kukanda unga nendeni mapema, wewe, mumeo na Nyamizi. Mwamkie Bi Zamoyoni shikamoo yake kamili, yeye ni mkubwa. Sema, "Mama, vibati vya wajukuu nilivichukua kwa hasira, hilo nisamehe." Hilo tu, tena ukiwa umesimama. Kila kibati kirudi kwenye msumari wake. Kisha Fikirini apigilie msumari wa kumi na tano, na Nyamizi amtundike mwenyewe ng'ombe wake wa bati. Bibi akinyamaza, kandeni unga. Akimtungua, usibishane na usiguse kibati cha mtu. Chukueni ng'ombe wenu mkaoke kwenu, na jina la kwanza kuitwa liwe la Nyamizi. Msumari muuache pale pale ukutani, wageni wakiuliza ni wa nani, bibi atawajibu mwenyewe.

Na ununue wa inchi nne. Ule mdogo unang'oka kwa mkono.