Mashine ya Kusaga Yapanda Mushaki

Goma, Murara, tarehe 9 Machi 2025

Papa mupendwa,

Nakusalimu kwa upendo. Muguu uliopasuliwa unaendeleaje? Umeanza kukanyaga? Kaka Twagirimana na bibi yake wako salama huko Kampala? Huku mama anapona malaria, na anakula vizuri. Simu inakata maneno, ndiyo maana nimemupa shofere wa basi karatasi hii.

Papa, pikapu yako imekufa mikononi mwangu. Nilikuwa natoka Kibati na viazi, sindano ya joto ikapanda, nikasimama hapo hapo. Maji yanachemka, moshi mweupe nyuma, oili imegeuka rangi ya maziwa. Fundi wa kwanza anasema injini imeisha, ninunue nyingine kwa dola elfu moja na mia mbili. Mutu mwingine anataka kuinunua aikate vipande. Majirani wananiambia, "Uza, musichana. Shofere mwenyewe hayupo." Mimi sitaki. Lakini gari ni yako, sema neno.

Mutoto wako,
Umurerwa

Kampala, tarehe 16 Machi

Umurerwa mutoto wangu,

Amani kwako na kwa mama yako. Mimi natembea na fimbo mpaka mulangoni na kugombana na kila mutu, ndiyo dalili ya kupona.

Ulisimama hapo hapo? Vizuri sana. Mwingine angesema "nifike tu nyumbani," na leo kweli tungelia kilio cha injini. Oili ikiwa kama maziwa, maji yameingia ndani yake. Mara nyingi injini yenyewe ni nzima. Kilichoungua ni joint ya culasse, ile karatasi ngumu kati ya injini na kifuniko chake. Nenda kwa fundi Célestin wa Birere, afungue mbele ya macho yako. Kifuniko kikiwa kimepinda kidogo, kinasawazishwa. Kikiwa kimepasuka, uza, sitakulaumu.

Lakini gari ikipona, tafuta mwanaume wa kuiendesha njia za mbali. Wewe baki na viazi vya Kibati. Milima ya Masisi si ya kujaribia.

Papa yako,
Harelimana

Kampala, tarehe 24 Aprili

Umurerwa,

Salamu kwanza, halafu ugomvi. Pasaka imepita bila barua. Nimekwenda na fimbo yangu kwenye mabasi ya Goma, kila shofere ananiambia hana kitu changu. Mama yako amerudi kitandani? Gari umeiuza? Kama umeiuza sema tu. Andika hata mustari mumoja.

Papa yako

Goma, tarehe 2 Mei

Papa mupendwa,

Pole kwa wasiwasi. Mama ni muzima, ameshaanza kunigombeza. Gari sikuiuza. Joint iliungua, kifuniko kilipinda bila kupasuka, kama ulivyosema. Pamoja na radiateri iliyoziba, ilikuwa dola mia mbili na arobaini. Nusu nililipa, nusu nikamubebea Célestin mizigo ya garaji mpaka deni likaisha.

Niliogopa kukuandikia kwa sababu ya jambo lingine. Wamama wa Mushaki, kule milima ya Masisi, wale waliokimbia vita mpaka Mugunga pembeni ya Goma na mashine yao ya kusaga mahindi, wanarudi kwao. Walitafuta gari ya kuipandisha, mashofere wakaogopa ule mulima. Mimi nikakubali, na wewe ulikuwa umenikataza.

Siku ya safari mashine iko juu, imefungwa kamba, wamama wamevaa vitenge vya sherehe. Kabla ya kutoka Mugunga nikakanyaga freni. Muguu ukazama polepole mpaka chini. Nikakanyaga tena, ikashika. Nikaacha muguu pale pale, ukazama tena. Nikazima gari, nikasema, "Hatuendi."

Mukubwa wao, mama Nyiransabimana, akanishika mukono. "Mutoto, freni imeshika, nimeona. Sisi tunapanda, hatushuki. Kupanda kunataka freni ya nini?"

"Mama, injini ikizima katikati ya mulima, hakuna kingine cha kutushika. Na ninyi mutakuwa nyuma pamoja na mashine."

Mwingine akapaza sauti: "Si nilisema tusichukue mwanamuke?"

Papa, nililia mbele yao, lakini funguo sikutoa. Tukateremusha mashine. Célestin amekuta pompe kubwa ya freni, ile inayosukuma oili mpaka kwenye magurudumu, mipira yake ya ndani imelika, na pompe ya kuaminika hapa haipatikani. Wamama wanatafuta gari nyingine.

Mutoto wako,
Umurerwa

Kampala, tarehe 7 Mei

Mutoto wangu,

Sina muda wa salamu ndefu, basi linaondoka. Katika kikaratoni hiki kuna pompe ya freni. Nimeichagua mwenyewe sokoni, nimesimama kwa muguu wangu mubovu mpaka wakaacha kunionyesha zile za bei ya chini. Célestin atoe hewa yote kwenye mabomba, magurudumu yote manne.

Kuondoka kila shofere anajua. Kuteremusha muzigo mbele ya watu waliovaa vitenge vya sherehe, hilo nimeliona kwa wachache sana.

Yule mwanaume niliyekuambia umutafute, acha kumutafuta.

Papa yako

Goma, tarehe 30 Mei

Papa mupendwa,

Umelalaje? Muguu je? Sisi tuna furaha mpaka mama anaimba.

Mama Nyiransabimana alirudi mwenyewe Murara. Akasema, "Gari nyingine tulipata. Tulipomuuliza shofere kuhusu freni akacheka. Tukashuka wote." Nikamukalisha kwenye kiti cha shofere, akakanyaga freni ya pompe yako kwa muguu wake. Ilisimama ngumu kama jiwe la volkano.

Tulipanda asubuhi. Juu ya Sake, kwenye kona kali, lori lilikuwa limekwama matopeni mbele yetu. Ilibidi nisimame katikati ya mulima, mashine inavuta nyuma. Nikakanyaga. Papa, gari haikurudi hata kidole. Wamama wakaruka, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, na yule aliyesema habari ya mwanamuke ndiye aliyebeba jiwe kubwa kuliko wote. Lori lilipotoka, nikaondoa gari polepole, sindano ya joto imetulia.

Mushaki walitupokea kwa vigelegele. Mashine ilifungwa mahali pake na ikasaga siku ile ile. Nakutumia unga wake wa kwanza.

Mutoto wako,
Umurerwa

Kampala, tarehe 5 Juni

Umurerwa,

Unga umefika. Bibi ya Twagirimana ameupika bukari, ule ugali wetu, nikaita majirani wote wa uwanja huu, watu ambao Mushaki hawaijui. Nimewaonyesha kona ile kwa mikono, na lori, na mawe. Muzee mumoja akaniuliza, "Huyo shofere ni kijana wako wa kwanza au wa pili?" Nikamwambia, "Ni binti yangu." Akabisha. Nikamwongeza tonge.

Daktari ameniruhusu kurudi. Ukija kunipokea, funguo usinipe. Nitakaa pembeni, dirisha wazi, na tutapita Murara polepole ili watu waone ni nani anayeendesha.

Papa ya Shofere