Kofia za Wageni Juu ya Mzee Dzombo

Bologna, 3 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila baridi haijatuachia. Goti lako je? Na mdogo wangu Lydia, bado anakusomea barua zangu kwa sauti ya mhubiri?

Mwezi wa sita mimi na mkweo tutakodi gari tuendeshe wenyewe wiki mbili: Roma, Siena, Firenze, kisha siku nne mashambani. Tunataka uje nasi. Mambo ya viza tuachie sisi. Huko mashambani tutalala kwenye zizi la zamani la ng'ombe lililogeuzwa hoteli. Picha nimetuma kwa simu ya Lydia.

Mwanao,
Kanze

Idsowe, 9 Machi

Mama,

Marahaba. Wewe ndiye mwenye jina la marehemu mama yangu, nikuiteje tena? Goti linauma kama kawaida. Lydia anaandika ninayosema.

Aliposoma "zizi" nilimwambia arudie. Ng'ombe wa jirani yetu Abduba wakikanyaga mahindi yangu natoka na fimbo, nanyi mnalipa kulala walikokuwa wakinya? Uji ulinishinda.

Nikadhani nimemaliza kuchefuka. Kumbe bado. Ile picha ya mlangoni, ule mti mrefu uliotundikwa kofia na miavuli, ni kigango, nguzo ya roho ya baba yangu, Mzee Dzombo. Nilikuwapo kikichongwa. Patasi iliteleza ikakata bega la kushoto, wazee wakasema acha hivyo hivyo, Dzombo mwenyewe alikuwa na kovu hapo. Kovu nimeliona.

Tulikisimamisha kule Ganze ili roho yake itulie. Tulipohamia huku Tana tulikiacha, maana kigango hakihamishwi, anayehama ni aliye hai. Sasa wezi wamemng'oa babu yako, na Wataliano wamemfanya mtumishi wa kushika kofia! Safari yenu siitaki. Mtoe hapo.

Babako,
Iha

Bologna, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumai goti limepoa. Nimekawia kwa aibu.

Tulienda kwenye ile hoteli. Njiani mkweo aliniambia ni mti tu. Nilishusha kofia moja moja, zinanuka jasho na marashi. Mtu alikuwa amembandika babu chingamu mgongoni. Niliibandua kwa kucha, na mpaka leo nikila naisikia mkononi.

Mwenye hoteli, mama mmoja mpole, ana karatasi za duka alikokinunua kigango. Hakitoi. Akaniuliza, "Kama ni babu yenu, mbona mlimwacha peke yake?" Nikamweleza desturi. Akauliza tena, "Na nani alikuwa akienda kumtazama?"

Nimjibu nini, Baba? Vyumba vyote tulivyokuwa tumeagiza nimevifuta.

Mwanao,
Kanze

Bologna, 28 Aprili

Baba,

Shikamoo. U mzima? Lydia anasema umebeba jembe na godoro ukaondoka, wala hukumwambia uendako. Kama nimekuudhi kwa lile swali, nitukane, lakini nijibu.

Mwanao,
Kanze

Ganze, 11 Mei

Mama,

Kwema huko? Mimi mzima. Naandika kwa mkono wangu, Gona wa dukani ataipiga picha akutumie.

Hukuniudhi. Swali la yule mama ni la haki, ndiyo maana lilinichoma. Miaka thelathini na moja sikukanyaga hapa. Desturi ilisema nisimhamishe, haikusema nisimwamkie. Huo ulikuwa uvivu wangu, nikauvika kanzu ya desturi.

Shimo la kigango chake nimelikuta limejaa chupa za plastiki na mavi ya mbuzi. Kigango cha babu yangu, baba yake Dzombo, kingali kimesimama, ila majirani wamekifunga kamba ya kuanikia. Chupi zilikuwa zinamdondokea maji usoni. Nilitafuta wa kumtukana, nikajiona mwenyewe. Yule mama angalau alimpa baba yangu paa. Kinyaa chote nilichowaonea Wataliano kimenirudia, na sina pa kukitemea.

Nimelisafisha shimo kwa mikono. Nimejenga kibanda hapa kando, shamba la Idsowe nimemwachia Lydia. Mwambie yule mama kwamba kuanzia sasa anayemtazama Mzee Dzombo ni mwanawe, na hatoki hapa. Asiposadiki, aje aone. Safari yake naipanga mimi: atue Mombasa na baba yangu, akodi gari, aendeshe mwenyewe mpaka Ganze. Ila baba yangu alazwe ndani ya gari, asifungwe juu ya paa.

Babako,
Iha