Maua Mekundu Chumbani kwa Mama

Ogimi, Okinawa
9 Aprili

Mdogo wangu Eisho,

Hujambo huko Osaka? Hiyo kazi ya ujenzi haijakuvunja mgongo? Sisi tu wazima, na Mama anakula vizuri. Juzi alimaliza mboga yake ya karela, na uchungu wake wote, akaomba nyongeza.

Nina jambo, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Linamhusu mkeo. Tangu ulipomwacha Honami hapa amuuguze Mama, sikumwamini. Mtu wa Tokyo, mpole kupita kiasi, kila neno "sawa wifi, sawa wifi". Nikajisemea, huyu ana lake.

Mwezi uliopita nilimwona asubuhi kwenye ule uzio wa haibiskasi aliouotesha Baba kwa vijiti, anakata matawi. Nilipoingia kwa Mama nikakuta maua matatu mekundu ndani ya kikombe, kando ya mto wake. Eisho, hebu fikiria! Maua tunayowapelekea wafu makaburini, yeye anamwekea mgonjwa kitandani! Nikayatupa. Kesho yake yakarudi. Nikawa namvizia kutwa, mpaka supu naionja kabla Mama hajainywa. Jirani yetu, Bi Nakandakari, akazidi kunichochea: we Tsuruko umelala tu, huyo anamwombea mkwewe kifo ili amfuate mumewe Osaka!

Alhamisi nikamfukuza. Hakubisha. Aliuliza tu kama wewe unajua.

Siku ile ile Mama akauliza nani atamwosha nywele. Nikasema mimi. Akaniambia nisilete sabuni ya dukani, inamwasha. Niponde majani ya haibiskasi kama afanyavyo Honami, mpaka yatoe utelezi. Kumbe ndiyo kazi ya yale matawi! Na maua je? Mama akacheka, akasema yule mtoto aliona uchungu kuyatupa, kwao ni pambo tu. Nikamuuliza mbona hakumweleza maana yake. Akanijibu kwamba tangu Baba afariki hakuna mwingine aliyemletea ua, sasa angemkataza vipi?

Nimeona aibu. Lakini baya zaidi bado hulijui. Alipouliza kama unajua, nilimwambia wewe ndiye uliyeniandikia aondoke, kwamba umemchoka. Nilidanganya kwa jina lako. Ndiyo maana hapokei simu zako.

Usimwandikie, hataamini. Nenda mwenyewe mpaka kwao Tokyo, umpe barua hii aisome kwa macho yake.

Mama anakusalimu sana, na anamuulizia Honami kila asubuhi.

Mimi dada yako, niliyekukosea,
Tsuruko