Kikombe cha Kuonjea

Kibimba, Ngara
9 Julai 2024

Mama Claudia mpendwa,

Shikamoo mama. Ukurasa wako huwa nausoma gazeti likishafika kwa jirani yangu fundi cherehani, hata likiwa limechelewa siku mbili, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ningekaa kuandika, lakini nimefika mahali sina wa kumwambia, maana mtu ambaye ningemwambia jambo kama hili ndiye aliyekufa.

Aliitwa Anatory. Tulianza naye darasa la kwanza tukitumia daftari moja, yeye akiandika kuanzia mbele, mimi kuanzia nyuma, na tulipokutana katikati tukagombana. Mimi ni seremala. Yeye alikuwa anatengeneza mvinyo wa ndizi nyumbani kwake pamoja na mke wake Dafroza, kazi aliyojifunza kwa padri mzee wa parokia, na hii si pombe ya ndizi ya kawaida inayokamuliwa Jumatano ikanywewa Jumamosi, ni mvinyo wa kukaa, juisi inachujwa kwa kitambaa mara tatu, inawekwa kwenye mapipa katika chumba cha giza kwa miezi, halafu inatiwa kwenye chupa na kuachwa tena. Kila chupa aliibandika plasta ya kidonda akaandika juu yake kwa peni mwaka na maneno machache: "mvua nyingi", "ndizi za mama", "mwaka Dafroza aliougua". Kila Juni marafiki tulikwenda kwake mchana, tukakalia viti nilivyovitengeneza mimi, akafungua chupa moja moja akitueleza kila moja ilipatikanaje, nasi tukanywa kidogo kidogo, tumetulia kama watu wanaosikiliza.

Huku kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza mbele ya wageni, waone hakuna kitu kibaya ndani. Asipoonja yeye, huonja mtu wa nyumba yake. Asipoonja yeyote, mgeni anaweza kuacha kikombe chake kimejaa akaondoka, na aibu hiyo inabaki kwenye nyumba kwa miaka. Anatory hakuwa na ndugu wa kiume, na mimi nilihesabiwa mtu wa nyumba yake.

Mwezi Mei mwaka jana nilimpeleka hospitali kwa pikipiki yangu, na daktari akamwambia ini limeharibika sana, asiguse pombe hata tone. Wakati wa kurudi tulisimama mlimani injini ipoe, akakaa kwenye jiwe, akaniambia:

"Fideli, wageni wa Juni wanakuja. Utanionjea."

"Nitakuonjea mpaka unibebe."

"Sikubebi. Nitakulaza kwenye maganda ya ndizi."

"Dafroza atajua?"

"Nitamwambia mwenyewe. Wewe nyamaza."

Tukacheka, tukapanda pikipiki. Kama alimwambia au hakumwambia sijui mpaka leo.

Juni ilipofika nilileta wageni wawili wapya, Audax ambaye ni wakala wa forodha pale Rusumo, na Shilinde mwenye nyumba ya wageni Nyakanazi, watu niliowasifia mvinyo huo mwezi mzima mpaka wakachoka kunisikia. Dafroza akaleta sinia. Akawawekea wageni vikombe vyao, na kile kikombe kidogo cha mti cha kuonjea, nilichomchongea Anatory alipooa, akakiweka mbele yangu, labda kwa sababu nilikuwa karibu na meza. Akabaki amesimama na sinia, Anatory akamimina. Shilinde akawa anatazama tu.

"Sisi Wasukuma tunaogopa vinywaji vya mipakani," akasema akicheka, lakini mkono wake haukwenda kwenye kikombe.

"Aonje mwenye mali," Audax akasema. "Huyu Fideli ni mpiga debe, hata sumu ataisifia."

Wakacheka, na mimi nikaona aibu, nikaona wataondoka wakisema nimewatoa mbali kwa maneno matupu, nikakichukua kile kikombe kidogo nikakisukuma upande wa Anatory na kusema kwa sauti, "Onja bwana. Au umetutilia kitu?"

Akanitazama, si kwa muda mrefu.

"Nimetia," akasema. "Nimetia jasho."

Akanywa. Siku ile zilifunguliwa chupa tano, mama, na zote tano alizionja yeye, na mimi nilikuwa nacheka pamoja na wengine.

Watu wangu wa karibu wangeniambia nilisahau, ila sikusahau. Nilijiambia kwamba nikionja mimi wageni watauliza kwa nini, na ugonjwa wake utajulikana, kwa hiyo ninamtunzia siri. Ni uongo nilioutunga hapo hapo mezani, ukanitosha kwa alasiri moja. Tarehe 29 Julai alifariki. Jeneza nililitengeneza mimi, na wakati wa kupiga randa nilikuwa nasikia lile neno lake, nimetia jasho, mpaka nikatoka nje nikakaa.

Sasa misa ya mwaka imekaribia. Wiki iliyopita Dafroza alikuja karakana, akasimama kwenye maranda, hakutaka kukaa.

"Shemeji," akasema, "zimebaki chupa sita za mkono wake. Tutazifungua baada ya misa, wale wageni wa mwaka jana nimewaita pia. Wewe utatuonjea."

"Tafuta mwingine, shemeji. Tumbo linanisumbua."

"Nani mwingine?" akasema, akaondoka.

Mama, nifanye nini? Binti yangu Priscila ameolewa Biharamulo, naweza kwenda kwake siku hizo nikasema anaumwa. Au niende nionje ninyamaze, lakini sidhani mvinyo ule utapita kooni. Au nimwambie Dafroza, nimuumize upya, mwanamke ambaye ndiyo kwanza ameanza kutoka nje kulima? Sina usingizi na kazi za watu zimelala. Ukiandika jibu, jina langu lifiche. Ukisali, nikumbuke.

Fideli

*

Fideli,

Majina ya watu wote nimeyabadili, kwa hiyo tulia. Pole kwa msiba. Mtu uliyegombana naye katikati ya daftari haji mara mbili, na sitakuambia kwamba muda utaponya, maana mimi simo ndani ya kifua chako.

Tuanze na unalolihofia. Barua yako nimemsomea daktari ninayemwamini. Anasema ini likishafika hapo, vikombe vitano vidogo havilisaidii, lakini si vyenyewe vinavyolimaliza. Kwa hiyo kuua, hukuua. Sasa usishushe pumzi mapema. Rafiki yako alikuomba kitu kimoja, chepesi kuliko kubeba ubao, nawe ukamwacha peke yake mbele ya wageni kwa sababu mgeni mmoja alikuita mpiga debe. Hilo ni lako. Daktari hawezi kukuondolea, wala mimi.

Lakini kuna kitu umekiandika mwenyewe halafu ukakipita. Unasema Dafroza alikiweka kikombe cha kuonjea mbele yako, labda kwa sababu ulikuwa karibu na meza. Fideli, wewe ni seremala. Meza ina pande nne, na wote mlikuwa karibu nayo. Mwanamke aliyebeba sinia kwa mume wake Juni zote hizo anajua kikombe kile kinawekwa mbele ya nani. Siku ile alikiweka mbele yako kwa sababu alikuwa ameshaambiwa. Na alikuwa amesimama pale ulipokisukuma.

Anajua. Mwaka mzima anajua. Aliona, akanyamaza, akakuacha utengeneze jeneza. Sasa amekuja mpaka karakana kwako akasema "utatuonjea", neno lile lile aliloomba mume wake mlimani, na wewe ukamjibu habari ya tumbo. Unamficha nani?

Sasa nisikilize. Biharamulo usiende, na usimtie binti yako ugonjwa asiokuwa nao. Nenda kwa Dafroza kabla ya siku ya misa. Nenda mchana, usiwe umekunywa, usibebe zawadi. Mwambie kwa maneno mafupi: "Aliniomba nimwonjee, nikakataa, nikamfanyia mzaha." Ishia hapo. Habari ya aibu mbele ya wageni usimweleze, wala maneno ya daktari wangu usimpelekee kama cheti cha kukutetea. Na usitangulie kulia, maana ukilia ataacha uchungu wake aanze kubembeleza wako, na ameshabeba wa kutosha.

Akikasirika, kaa umsikilize mpaka amalize. Akikwambia usije siku hiyo, usije, na usimtume mtu kukuombea. Usimuulize kama amekusamehe. Hilo atalisema akitaka, na anaweza asiliseme kamwe, nawe utampigia misumari mlango wake ukilegea hata hivyo.

Lakini akinyamaza, na siku ya misa akaja na sinia, akakiweka kile kikombe cha mti mbele yako mara ya pili, kichukue. Soma plasta ya kila chupa kwa sauti, watu wasikie alichoandika kwa mkono wake. Kisha onja, zote sita, mbele ya Audax na Shilinde. Usicheke wala usiusifie mvinyo. Mvinyo ukikataa kupita kooni, subiri. Utapita. Ndiyo kazi uliyopewa, imechelewa mwaka mmoja, na Anatory hatakuona ukiifanya. Hilo sina namna ya kukupunguzia.

Mimi pia kuna kikombe nilichokisukuma, zamani, na wa kumwendea hayupo tena. Wewe wako yupo, tena amekufuata mpaka karakana. Mkifika chupa ya mwisho, nikumbukeni.

Mama Claudia