Karera Kabla ya Kuondoa Matanga

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mtaa wetu wa Cibitoke umekuwa tope tupu. Moyo wangu nao hauna nafuu.

Wiki nzima nimejifanya kiongozi wa safari. Vijana wa kwaya yetu tunataka kwenda kuona maporomoko ya maji ya Karera, kwenda na kurudi siku moja. Nimempata dereva wa Hiace, nimegawa kazi za chakula, nimezunguka soko la Jabe nikitafuta raba za mitumba zisizoteleza kwenye mawe. Kila anayeniuliza namjibu vilevile: tutoke mara barabara ikifunguliwa asubuhi, tusichelewe kule juu, maana jioni askari wanaweka vizuizi na hawasikilizi mtu.

Barabara yenyewe ni ileile aliyopita kaka yangu Dezire.

Alikuwa akimsindikiza rafiki yake kwenda kuposa, basi lao likavamiwa milimani. Waliokufa walizikwa. Yeye hakuonekana, wala mwili wala kiatu. Na ndiye aliyeniahidi Karera. Alifika huko akiwa mwanafunzi, akajisifu mpaka tukamchoka, eti maji yanakulowesha hata hujayaona.

Kwetu matanga yana mwisho wake. Siku ya kuganduka ndugu na majirani hukusanyika, pombe ya mtama hunywewa, na waliofiwa huruhusiwa tena kucheza, kuoa, kutembea kwa raha. Mama ameikataa siku hiyo mwaka baada ya mwaka. Ataondoaje matanga ya mtoto ambaye hakumzika? Basi nyumba nzima tumekaa msibani. Nami nimegombana naye, Mungu anisamehe. Dezire amekufa, Mama. Nimemwambia jikoni, nimemwambia njiani tukitoka kanisani. Nilimwona mkaidi tu.

Leo asubuhi nilikwenda kumwomba ruhusa ya safari, nimejiandaa kwa ugomvi mwingine. Alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua hata kichwa.

"Muende, mutoto wangu," alisema. "Mukisharudi tutaganduka. Mi nimechoka kumungojea."

Nilipaswa kushukuru.

"Apana, Mama," nilimjibu kwa ukali. "Haraka ya nini?"

Alinitazama kwa mshangao. Hata mimi nilijishangaa.

Sasa niko kwenye duka la intaneti mjini, naandika haya na machozi yananitoka mbele za watu. Nimeelewa kitu kinachoniuma sana. Niliweza kusema Dezire amekufa kwa sababu nyumbani alikuwepo mtu anayekataa. Nilimwachia Mama mzigo wa kumngoja, na leo ameutua.

Dereva anataka jibu kesho baada ya misa. Wenzangu wameshaanza kununua mikate. Nikienda Karera nikarudi, kaka yangu atakuwa amekufa kweli.

Nisipokwenda, je, nitamngoja peke yangu?