Mchicha kwenye Kiwanja cha Mzee Taiyeb

Jumamosi, 3 Mei 2025

Umeota! Nimeuona kabla hata sijapiga mswaki — vijani vidogo, pale pale palipokuwa jalala la mtaa mzima. Nikaenda kumgongea Sekela, jirani yangu, fundi cherehani. Katoka na khanga moja, kachuchumaa. Anacheka tu. Na watu wa mtaa walivyotusema! Eti mwalimu na fundi wamekosa kazi, wanajitolea kuzoa taka za watu.

Mzee Taiyeb mwenye kiwanja alituambia wazi tangu mwanzo: limeni, ila siku nikikihitaji nakichukua. Tukakubali.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Tumechimba mfereji, tope mpaka magotini. Mgongo hauna hali. Nina raha ya kijinga.

Jumamosi, 24 Mei

Mavuno ya kwanza! Tulipanga mboga ziende kwa wazee wasio na mtu. Tukaanza na Bibi Mwajabu, ambaye miguu imegoma. Shikamoo, marahaba, tukamwekea fungu. Akalisukuma.

"Msinifanye mgeni wa kulishwa. Nipeni na kazi."

Basi tumembeba na kiti chake hadi bustanini. Kafunga mafungu yote yeye, na kutukosoa juu. Mtu wa kujitolea kuliko sie!

Jumanne, 27 Mei

Taqi, mtoto wa Mzee Taiyeb, kapita. Kijana mstaarabu, hata macho hakuinua. Kasema baba yake anajenga stoo hapo kiwanjani. Tofali zinakuja Jumamosi.

Hatujaonewa. Ndiyo maana inauma zaidi. Nimelia jikoni, wali ukaungua.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika hapa hapa bustanini, nimekalia ndoo. Sijui nina furaha au nini.

Tulikuja alfajiri mie na Sekela kuhamisha miche ya mchicha na bamia, tuokoe tunachoweza. Mara Mudathir, fundi pikipiki, mmoja wa wale waliotusema, kaja na beseni. Akauliza aanzie wapi. Nyuma yake mama wa chapati. Halafu mageti yakaanza kufunguka — watu, masufuria, majembe! Sijawahi kuona mtaa huu ukitoka hivi bila msiba.

Lori likafika. Nyuma yake gari la Mzee Taiyeb na mkewe, Mama Fatema. Hakuna aliyegomba. Mzee akamwamkia Bibi Mwajabu, naye akampa fungu la mchicha.

"Karibu mboga, mwanangu. Kama ni ya mwisho, wewe ndiye unayejua."

Mzee kalipokea kwa mikono miwili. Mama Fatema kamwambia kitu kwa Kigujarati, taratibu. Dereva kauliza tofali ashushe wapi. Mzee kaufuata ukuta wa kiwanja. Anapima kwa hatua kutoka ukutani, midomo inahesabu. Kafika tuta la bamia. Kasimama. Sasa karudi ukutani, anapima upya, hatua fupi fupi, kama anayetaka stoo iishie kabla ya bamia —

Dereva kazima injini.