Dakika Kumi za Saa Yako

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Mwaka ule wa mwisho kengele yako ya kanisa, ile rimu ya lori uliyoigonga kila Jumapili hapa Ihembe, ilianza kuchelewa. Mama Koku, jirani yetu, alikutania mlangoni: "Mzee, leo malaika wamelala?" Ukacheka: "Malaika wako macho, Mama Koku. Saa hii ndiyo mkweche." Sikupenda uchekwe. Nikaipeleka saa yako mbele dakika kumi bila kukwambia, na kengele ikawahi tena. Miezi mitatu baadaye ulianguka njiani kuelekea kanisani. Daktari alisema ni moyo.

Mwezi huu mwalimu wa fizikia alitueleza habari za pulsa, nyota zinazotuma mapigo ya redio kwa mpangilio kama saa. Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko midogo ya anga lenyewe, yakipita, mapigo hayo huwahi au huchelewa kidogo sana. Lakini nyota moja ikichelewa, huenda ni kelele tu, yaani hitilafu ndogo isiyo na maana, yake yenyewe au ya saa zetu. Kwa hiyo wanasayansi hulinganisha nyota nyingi kwa miaka mingi, wakitafuta kuchelewa kunakohusiana kati ya nyota hizo. Akaonya, "Ukiharakisha kusafisha kelele, unaweza kulifuta na wimbi lenyewe."

Babu, pale darasani nilishindwa kuendelea kuandika. Kengele ilichelewa. Chai yako ilimwagika kwenye sahani. Kahawa za kule juu mlimani uliacha kuzichuma. Na mimi kila kimoja nilikipatia sababu yake.

Jioni nilimwambia Bibi yote. Hakuacha kumenya ndizi. "Babu yako alijua. Alisema, mwacheni, mtoto ananisaidia kuwahi."

"Sasa kwa nini hakwenda hospitali?"

"Mbishi yule! Na mimi niliona chai tu. Wewe uliona saa tu."

Bado nalia, ila si kama mwanzo. Saa yako nimeirudisha nyuma dakika kumi. Siku hizi Bibi hupumzika mara mbili akitoka kisimani, na jana alisahau kutia chumvi kwenye matoke. Huenda ni kelele. Safari hii sijatafuta sababu. Kesho nampeleka kituo cha afya. Amekataa mara tatu, kisha akasema mimi ni mbishi kama wewe, akaenda kupiga pasi gauni lake la Jumapili.

Pumzika, Babu.

Mjukuu wako, anayeivaa saa yako